Nyuki wa Utosini

Paliondokea nchi ikiitwa Utosini, nchi ya mafuko. Walikuwa kiasi cha laki moja, kila fuko na shimo lake, na kila shimo na mwanzi wake mmoja. Fuko alikaa chini kabisa, penye joto na damu, akiusukuma mwanzi juu kidogo kidogo, sentimita moja kwa mwezi, kwa miaka miwili, minne, pengine sita mfululizo. Kisha alichoka. Shimo lilinywea kwa wiki mbili tatu, fuko akalala miezi mitatu, na alipoamka alianza mwanzi mpya, ule wa zamani ukaanguka. Kila siku mianzi 50 hadi 100 ilianguka Utosini na hakuna aliyelia, kwa kuwa mafuko hawakulala wote kwa pamoja.

Msomaji amekwisha kujua kwamba Utosini ni kichwa cha mtu, na fuko ni kinyweleo, kile kishimo cha ngozi kinachootesha unywele. Nasimulia kwa njia ya wanyama kwa sababu watu wanaopoteza nywele kwa viraka vya mviringo huambiwa wamerogwa, au wana ukimwi, au hawaogi, na maneno hayo huwaumiza kuliko kiraka chenyewe, kisichouma hata kikiguswa. Ugonjwa wao unaitwa alopesia areata. Huwapata takriban watu wawili katika kila mia wakati fulani wa maisha yao, wake kwa waume, watoto kwa watu wazima, wa kila rangi. Yanayotokea chini ya ngozi zao ni kisa cha walinzi na sheria.

Ndani ya kila shimo fuko hakukaa peke yake. Alikuwapo Kinyonga mpaka rangi, aliyechanganya weusi na kuupaka mwanzi ukingali mbichi. Kinyonga aliamka fuko alipoamka, na fuko alipolala naye aliweka chini vyungu vyake. Na juu kidogo, ukutani, mbali na jiko la fuko, palikuwa na kichanja cha mbegu. Kila mwanzi mpya ulitoka katika mbegu hizo. Mkikumbuke kichanja hicho.

Ulinzi wa Utosini, na wa nchi zote jirani, kuanzia Usoni mpaka Nyayoni, ulikuwa kazi ya nyuki. Walizaliwa ndani ya mifupa, katika uboho, wakapelekwa kusoma katika shule iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, kwenye tezi ya thaimasi. Mtihani wa shule ile ulikuwa mkali kupita kiasi. Mwanafunzi alionjeshwa vyakula vya nyumbani, na aliyevitolea mwiba aliuawa papo hapo. Wengi walioingia hawakutoka. Hata hivyo hakuna shule isiyopitwa na mwanafunzi, na kila kizazi walitoka nyuki wachache ambao, wakichokozwa, wangeweza kumchoma mtu wa kwao. Kwa ajili yao waliwekwa nyuki wapatanishi, kazi yao kutembea kati ya wenzao na kuwapoza.

Nyuki walilinda kwa sheria ya sinia. Kila nyumba katika mwili iliweka mlangoni sinia lenye chembe ya kila kinachopikwa ndani. Nyuki alipita, akaonja, akaendelea. Akikuta ladha ya kirusi, alijua nyumba imetekwa, akaichoma pamoja na mwizi aliyemo. Ni sheria ngumu, lakini bila hiyo mafua ya wiki moja yangetuua sote.

Mashimo ya Utosini yalikuwa na mwiko wa peke yao. Fuko aliye kazini hakutoa sinia mlangoni. Badala yake alichoma ubani usiku na mchana, na nyuki waliopita karibu walitulizwa na moshi ule wakageuza njia. Ni nyumba chache mno zilizopewa haki hiyo: jicho, korodani, tumbo la uzazi lenye mimba, na nyingine za kuhesabika. Wazee walikuwa wamepima, wakaona kwamba kwa kazi ya fuko ni heri nyuki asiingie kabisa, kuliko aingie akakosea.

Basi siku moja, upande wa kisogo, fuko mmoja alielemewa. Hakuwa mwizi wala msaliti. Alizidiwa na kazi, akafanya linaloruhusiwa kila mkazi wa mwili: alitundika kitambaa chekundu mlangoni. Maana ya kitambaa hicho ni moja tu, njooni, nimezidiwa. Kila nyumba inacho cha kwake sandukuni, lakini havifanani. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, wakiongozwa na Angela Christiano, walisoma jeni za wagonjwa zaidi ya 1,000 wakazilinganisha na za watu wasio na ugonjwa. Miongoni mwa mahali walipokuta tofauti ni kwenye jeni zinazofuma kitambaa hiki chekundu. Kuna koo zilizorithi mfumo wa kitambaa unaowahi kuwashtua nyuki, na ndiyo maana mjomba na mpwa wake huweza kupata viraka bila mmoja kumwambukiza mwenzake.

Siku ile moshi wa ubani ulikuwa mwembamba mlangoni pa fuko yule, na aliyepita alikuwa nyuki kijana aitwaye Mwiba.

Mwiba alikuwa askari mwenye sifa. Alipigana na mafua huko puani, akapigana na jipu la paja. Alikuwa na papasi mbili zilizonolewa, moja ya kuonjea sinia, moja ya kutambua kitambaa chekundu. Zote mbili zikishtuka pamoja, hangoji amri ya mtu. Akaona kitambaa, akaingia. Jikoni akaonja chungu cha Kinyonga, chakula ambacho kwa muda wote wa mwiko hakikuwahi kuwekwa mlangoni, akakiona kigeni. Akatoa mwiba, akachoma. Halafu akafanya alilofundishwa kufanya kila askari aliyemgundua adui: akapiga baragumu.

Baragumu la nyuki wataalamu huliita intaferoni gama. Hapa ndipo penye kiini cha kisa, naomba tusipapite mbio. Sheria ya mwili inasema baragumu likilia, kila nyumba iliyo karibu itoe sinia nje, tena lililojaa, ili ukaguzi uwe rahisi. Ni sheria nzuri wakati wa kirusi. Fuko alipolisikia alitii. Akazima ubani, akatoa sinia, akaweka juu yake kila kilichokuwa jikoni, pamoja na chakula cha Kinyonga. Sheria inasema tena kwamba mwenye nyumba aliyesikia baragumu apulize pembe yake mwenyewe kuwaita askari zaidi na kuwapa nguvu ya kukaa. Pembe hiyo ina jina pia, intalukini 15. Fuko akatii hilo nalo, akapuliza.

Nyuki wakasikia pembe, wakaja. Walipofika walikuta sinia limejaa chakula wasichokiamini, wakachoma, wakapiga baragumu. Fuko akasikia baragumu la pili, akaongeza sinia, akapuliza pembe kwa nguvu zaidi. Wakaja wengine. Baragumu likaita pembe, pembe ikaita baragumu, na katika kelele zile wapatanishi wachache waliokuwapo hawakusikika. Jirani wa kulia akasikia, akazima ubani wake. Jirani wa kushoto vilevile. Na kwa kuwa sauti husambaa pande zote kwa kiasi kimoja, pigo likapanuka kwa duara.

Wanaosoma ngozi kwa darubini, wakichukua kipande kutoka ukingo wa kiraka, huona chembe nyeupe za damu zimelizunguka tako la unywele chini kabisa. Tangu zamani wameiita picha hiyo kundi la nyuki. Nyuki wangu sikuwabuni, nimewakuta huko.

Mwanzi unaokatizwa namna ile huota ukiwa mwembamba chini na mnene juu, kisha hukatika karibu na ngozi. Ukiuona ukingoni mwa kiraka unafanana na alama ya mshangao, na daktari akiuona hujua nyuki wangali kazini. Katikati ya duara ngozi hubaki laini, bila magamba. Mapunye ya watoto huwa na magamba, na nywele zilizokatika ovyo. Hayo ni kuvu, nayo yana dawa yake. Mama anayempaka mwanawe dawa ya mapunye mwezi baada ya mwezi juu ya kiraka laini anastahili kuelezwa tofauti hiyo kwa upole.

Tena nyuki hawakuigusa sana mianzi myeupe, ile ambayo Kinyonga wake alikwisha kustaafu. Chungu cha rangi hakikuwapo, na sinia halikuwa na cha kuwaudhi. Ndiyo maana mtu mwenye mvi zilizochanganyika na weusi huweza kuonekana ameota mvi kwa siku chache tu. Weusi umeanguka, weupe umebaki peke yake.

Duara la kwanza lilikuwa la ukubwa wa sarafu. Likafuata la pili. Katika nchi ya mbali ya Kuchani, kwenye kucha, vikatokea vidoa vilivyobonyea, kama mtu aliyechoma ukucha kwa ncha ya sindano. Hapo baraza likaitwa.

Kunguru alisema kwanza. Alisema Utosini imeoza, itaambukiza nchi za jirani, ifungiwe na kufunikwa kwa kilemba. Bundi alisema ni kazi ya mchawi, akataka watafute ni fuko gani aliyeonewa wivu. Nyani alileta kitunguu saumu na mafuta ya taa, akasugua kiraka mpaka kikachubuka, na sasa pakawa na jeraha juu ya pigo. Kasuku aliruka nyumba kwa nyumba akisema kila alichosikia. Mafuko waliobaki na mianzi yao walikubali kufunikwa, kwa aibu, na kutoka siku ile hawakuliona jua. Nikifika hapa hekaya inanitia uchungu, kwa sababu najua msichana anayeacha shule huanza kwa kufunika kichwa hivi hivi, na kwamba kufunika hakukuwa wazo lake.

Kobe alikuwa hajasema. Aliuliza, "Ni nani kati yenu ameshuka shimoni kutazama?"

Hakuna aliyejibu. Kobe akashuka mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu.

Chini alimkuta fuko amejikunja, hana nguvu ya kusukuma chochote. "Shikamoo, babu," fuko alisema. Kobe akaitikia marahaba, akaketi.

"Kwa nini ulitundika kitambaa, mwanangu?"

"Nilizidiwa. Tulifundishwa kwamba anayezidiwa atundike."

"Na kwa nini ulizima ubani ukatoa sinia?"

"Nilisikia baragumu, babu. Sheria ni hiyo."

Kobe akamgeukia Mwiba aliyekuwa bado anazunguka mlangoni. Mwiba hakujificha. "Niliona kitambaa, nikaonja, nikachoma, nikaita wenzangu," alisema. "Kila nikitaka kuondoka nasikia pembe inaniita. Mwenye nyumba mwenyewe ananiita. Nitaondokaje?"

Kobe alinyamaza kitambo. Alikuwa ameshuka kutafuta mkosaji, akakuta watumishi wawili watiifu wanaouana kwa sheria ileile iliyowaweka hai. Kabla hajapanda alinyanyua shingo akatazama ukutani. Kichanja kilikuwa mahali pake. Nyuki walikuwa wamejikusanya chini, kwenye jiko, na juu hawakufika. Mbegu zote zilikuwa salama, kavu, zinangoja.

Aliporudi barazani aliwaambia hilo kabla ya yote. "Shamba halijafa. Fuko amelala, na mbegu ipo. Hata baada ya miaka mingi yaweza kuota."

"Basi tuwaue nyuki wote," Nyani alisema, "na mianzi irudi."

"Na vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mapafuni tangu utoto," Kobe alimjibu, "nani atakaa mlangoni kwao?"

Baraza likanyamaza. Kisha wakazungumza kwa siku nyingi, na kwa mara ya kwanza walizungumza juu ya kilichoonwa badala ya kilichosikiwa. Waliokuwa na duara moja dogo waliambiwa wanaweza kungoja. Kwa karibu nusu ya hao, baragumu hunyamaza lenyewe na mianzi hurudi ndani ya mwaka, na ni vizuri watu walijue hilo kabla ya kuuza mbuzi kumlipa mganga. Wasiotaka kungoja waliletewa moshi mkali kutoka nje, dawa ya jamii ya steroidi, ikiingizwa kirakani kwa sindano ndogondogo kila baada ya wiki nne hadi sita. Moshi ule huwapoza nyuki wa mahali pale tu. Kwa maduara machache unafaa sana. Kwa nchi iliyobaki jangwa lote hautoshi, maana huwezi kuchoma sindano laki moja.

Kwa nchi kama hizo ilibidi kufikiria jambo jingine, nalo ndilo linalonifurahisha kuliko yote katika kisa hiki, kwa kuwa halikumwaga damu ya mtu. Sauti ya baragumu na ya pembe haimfikii mwenye nyumba moja kwa moja. Ndani ya kila mlango yupo tarishi anayeipokea na kukimbia nayo mpaka chumba cha mkubwa. Matarishi hao wataalamu huwaita JAK. Ukimzuia tarishi, baragumu litalia lakini amri haitatolewa. Fuko hatapuliza pembe, na nyuki asiyeitwa hana la kumweka pale. Mwaka 2014 watafiti walewale wa Columbia walionyesha hivyo kwa panya, kisha wakaeleza wagonjwa watatu waliomeza dawa ya kuwazuia matarishi, iitwayo ruksolitinibu, wakaota nywele karibu kichwa kizima ndani ya miezi mitano. Mwezi wa Juni 2022 Marekani iliidhinisha barisitinibu, dawa ya kwanza ya kumeza kwa watu wazima wenye hali kali. Mwaka uliofuata ikaidhinishwa ritlesitinibu, kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi.

Sitaki kumpa msomaji matumaini ya bure. Katika majaribio makubwa ya barisitinibu, kwa dozi ya juu, takriban mmoja kati ya watatu ndiye aliyefikia kufunikwa na nywele sehemu nne kwa tano za kichwa baada ya wiki 36. Wengine walipata kidogo, wengine hawakupata. Bei yake ni ya kutisha. Tarishi aliyezuiwa ni yuleyule anayeleta habari za mwizi wa kweli, kwa hiyo kabla ya dawa hupimwa kwanza kama kifua kikuu kimelala mapafuni, na anayeitumia hufuatiliwa kwa vipimo. Nalo lililo gumu zaidi ni hili: Mwiba hasahau. Baadhi ya nyuki hubaki ndani ya ngozi wamekaa kimya, wakiikumbuka ladha ya chungu cha Kinyonga. Dawa ikiachwa, kwa wengi baragumu hulia tena.

Kobe alilisema hili wazi barazani, na wapo waliomkasirikia. Walitaka siku ya mwisho wa vita. Alikataa kuwapa siku asiyokuwa nayo.

Mianzi ya kwanza ilipotokeza, ilikuwa laini na myeupe. Fuko ndiye aliyetangulia kuamka, Kinyonga akachelewa, na kwa miezi kadhaa duara la kisogoni lilikuwa na nywele nyeupe katikati ya nyeusi. Kunguru akaanza kusema ni uzee umeingia. Mafuko safari hii hawakumngoja amalize. Walivua kilemba mchana, wakaketi na mianzi yao miwili mitatu mahali ambapo kila mpita njia aliwaona, na aliyeuliza walimjibu, na asiyeuliza walimwacha apite.

Mwiba hakufukuzwa. Wapatanishi waliongezwa katika zamu yake, akarudishwa doria ya puani, ambako mwezi uleule mafua yaliingia na hayakufika mbali.

Mwaka ukapita. Usiku mmoja fuko wa Nyushini, nchi nyembamba iliyo juu ya jicho, alisikia sauti aliyoijua. Zamani angefunika shimo na kunyamaza. Sasa alimtuma mtoto kwa Kobe kabla hakujapambazuka, na Kobe alipofika akamkuta amekaa mlangoni, kitambaa chekundu mkononi.

"Limelia mara ngapi?" Kobe aliuliza.

"Mara moja, babu. Pembe yangu sijaipuliza, lakini koo linaniwasha."

Kobe akawageukia vijana waliobeba chetezo. "Leteni moshi mwepesi, hapa ni karibu na jicho," alisema. "Na upesi, kabla ya la pili."